Laini mbili za shangazi, na sera ya intaneti salama ianzie wapi

Shangazi yangu anauza vitenge Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Ana simu moja ya vitufe na laini moja, na hajawahi kuwa na zaidi ya hiyo. Mwezi uliopita nilipokwenda kumsalimia nilichukua simu yake nikabonyeza *106#, namba ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nikaingiza namba zake za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, tarakimu 20 zote, yeye akinisomea kutoka kwenye kadi huku miwani imemshuka puani. Zikaja laini tatu.

"Hiyo ya juu ndiyo yangu," akasema. "Hizo nyingine za nani, mwanangu?"

Tukaanza kukumbuka. Mwishoni mwa 2019, wakati wa hekaheka za usajili kwa alama za vidole, alisajili kwa kijana aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli pale stendi. Kijana akamwambia aweke dole gumba. Kisha akamwambia, "Haijasoma mama, rudia." Akarudia. Ikagoma tena, akarudia mara ya tatu. Shangazi hakumshuku mtu. Aliamini vidole vyake vimelika kwa kufua.

Usajili ule ulianza Mei 1, 2019. Mwisho ulipangwa uwe Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Hoja yake ilieleweka kwa kila mtu: kila laini iwe na mwenyewe, tapeli akose pa kujificha. Hoja hiyo ina mashiko hadi leo, kwani polisi angalau wana pa kuanzia. Lakini zoezi lilelile liligeuza dole gumba kuwa bidhaa. Kwa tapeli, laini yenye jina la mama muuza vitenge ni bora kuliko laini isiyo na jina kabisa, kwa sababu ikifuatiliwa, nyayo zinaishia Mbagala.

Kwenye makongamano utasikia maneno "intaneti salama na ya kuaminika" yakitembea pamoja kama Kulwa na Doto. Si mapacha hata kidogo. Usalama ni madhara kupungua. Kuaminika ni mtu akishadhurika ajue amfuate nani, na huyo anayefuatwa asimzungushe. Mtaa unaweza kujaa mgambo kila kona na bado usimkute mkazi hata mmoja anayeuamini. Sera zetu zimeshughulika sana na lile neno la kwanza, na ndani yake zimechagua kipande kimoja tu: nani aseme nini.

Tazama tarehe zenyewe. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ilitungwa 2010. Sheria ya Makosa ya Mtandao ikaja 2015, ikaanza kutumika Septemba 1 mwaka huo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zikafuata 2018, zikimtaka hata mwenye blogu akate leseni; ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilizidi shilingi milioni 2. Zikaandikwa upya 2020. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kazi Mei 1, 2023. Kwa hiyo sheria ya kukushika kwa ulichoandika mtandaoni iliitangulia kwa miaka saba sheria ya kumuuliza mwingine ameandika nini kuhusu wewe, amekiweka wapi na amempa nani.

Sitaki kuionea ile ya 2015. Ina vifungu vya kuingilia mifumo ya kompyuta, vya kujifanya mtu mwingine, vya unyanyasaji, na vyote vinahitajika. Kilichopata umaarufu ni kifungu cha 16, cha taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kinadai pawepo nia ya kupotosha, ni kweli. Tatizo ni kwamba nia hupimwa mahakamani, miezi mingi baadaye, na simu huchukuliwa siku ya kwanza.

Sasa turudi kwa tapeli, maana yeye ndiye anayeiumiza Mbagala kuliko mwandishi wa blogu yeyote. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Sidhani kuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajaupata ujumbe huu, na tumeufanyia utani kiasi cha kusahau kuutazama. Ni kazi ya fundi. Waliobuni mifumo ya pesa kwa simu waliweka kinga moja nzuri sana: kabla hujaingiza namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea, ukiona si lenyewe unaghairi. Tapeli hakuuvunja mfumo huo. Ameacha jina litokee, ila amekuandaa mapema ulipokee. Ujumbe hauna salamu wala jina lako, na ndiyo nguvu yake. Ukitumwa kwa watu elfu, wapo watakaokuwa wanasubiri namba ya mwenye nyumba, ya mwalimu wa ada, ya muuza vifaranga. Hao hawajadanganyika kwa ujinga. Walikuwa njiani kutuma.

Ndiyo maana kampeni za "usitoe namba yako ya siri" hazimgusi huyu. Hakuitoa. Kinachoweza kumsaidia kiko nyuma ya pazia: nani alisajili laini ile, wakala gani alitoa fedha zile, na ilichukua saa ngapi namba kufungwa baada ya kuripotiwa. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ina namba 15040 ya kupelekea namba za matapeli, na ripoti zake za robo mwaka zimekuwa zikiutaja mara kwa mara mkoa wa Rukwa na mkoa wa Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli. Mimi taarifa hiyo hunipa matumaini ya ajabu. Kama mkoa unajulikana, basi tatizo hili halikutoka mbinguni. Kila usajili ulipita kwenye akaunti ya wakala fulani, na wakala ana kampuni iliyompa kazi.

Ila maumivu hayapandi hadi huko juu. Muamala ukishaenda, anayelia ni aliyetuma. Kampuni ya simu imekata ada yake, wakala amepata kamisheni yake.

Uingereza waliamua kulihamisha jeraha. Tangu Oktoba 7, 2024, mteja wa benki aliyelaghaiwa akatuma fedha mwenyewe hurudishiwa, hadi pauni 85,000, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Isipite nusu ya pili bila kuangaliwa. Benki iliyomfungulia mwizi akaunti nayo inalipa, na kuanzia hapo ina sababu yake yenyewe ya kutaka kujua inamfungulia nani. Hakuna aliyeihubiria uadilifu. Bili imebadilisha mlango.

Kuinakili sheria hiyo kama ilivyo, hapana. Hapa wengi hulizwa elfu thelathini, elfu hamsini, na kampuni zingezirudisha gharama kwetu kupitia ada za miamala kabla wino haujakauka. Wapo pia ambao wangejitapeli wenyewe kwa kushirikiana na binamu. Lakini kuna toleo dogo ambalo ningelipigania kesho asubuhi: ikithibitika kwamba laini iliyopokea fedha za wizi ilisajiliwa kwa dole la mtu asiyejua, kampuni iliyoisajili irudishe fedha. Basi. Wale vijana wa miavuli wangepata usimamizi ambao hakuna semina ingeweza kuwapa.

Nyuma ya dole kuna karatasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona wachambuzi wengi wanapita wakikimbilia kwenye seva na akili bandia.

Ingia jengo lolote la ofisi Posta au Upanga. Getini kuna mlinzi, meza na kaunta buku. Jina, unatoka wapi, unaenda kwa nani, namba ya simu, sahihi. Siku hizi wengine wameongeza safu ya namba ya kitambulisho. Ukiandika kwenye mstari wa 14, watu 13 waliokutangulia wako juu yako, wazi, unawasoma. Na namba ya NIDA si namba ya hivi hivi: tarakimu zake nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa jiulize ni wangapi wameufanya mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya simu. Nawajua kadhaa na tunaheshimiana, sitawataja.

Nilimuuliza mlinzi mmoja wa Upanga daftari likijaa linakwenda wapi.

"Linachukuliwa, bosi."

"Na nani?"

"Wahusika."

Wahusika hao sikuwapata. Lakini siku moja Kariakoo nilinunua karanga, nikazimaliza, nikabaki nasoma kile kikaratasi kilichofungia. Kilikuwa nusu ya fomu ya mkopo, yenye namba ya simu, jina la mwajiri, mdhamini, na picha ndogo ya paspoti ya dada mmoja mwenye tabasamu la kuomba mkopo. Nikaitia mfukoni nikaenda kuichoma nyumbani. Na steshenari tunazotolea kopi za vitambulisho ndiyo habari nyingine: waliowahi kutumiwa faili pale kwa WhatsApp wanajua kwamba kwenye ile kompyuta kuna vitambulisho vya mtaa mzima, na vingine vina miaka.

Sheria ya 2022 inaligusa jambo hili moja kwa moja. Inamwita anayechukua taarifa zako mkusanyaji, na anayezifanyia kazi kwa niaba yake mchakataji. Mkusanyaji anatakiwa akueleze anazitaka za nini, achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi hiyo, na asizikalie kupita muda wa kazi yenyewe. Ukiona umekiukwa, unalalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 3, 2024. Sheria haijakamilika, na Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikubali kwamba baadhi ya maneno yake ni mapana mno. Hilo ni la kawaida kwa sheria changa. Ninachohofia mimi ni Tume kumaliza miaka yake ya kwanza ikisajili mabenki na kampuni za simu, zenye wanasheria wa kujaza fomu, huku kaunta buku likiendelea kujaa. Ningekuwa na sauti ningeanzia getini. Jengo likitaka kujua nani ameingia, linahitaji jina na ofisi anayokwenda. Tarehe yangu ya kuzaliwa haizuii mwizi kubeba kompyuta.

Mikopo ya simu ndiyo mahali ambapo karatasi na mtandao vinakutana. Programu inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, nawe unabonyeza kukubali kwa sababu kodi inadaiwa kesho. Ukichelewa kulipa siku mbili, watu wako wote wanapokea ujumbe. Mimi niliwahi kupokea mmoja wa namna hiyo, unaomtangaza kuwa mdaiwa sugu fundi ambaye niliwahi kumpa kazi ya kuweka vigae mara moja tu. Nikajua deni lake, riba yake na jina lake la tatu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, hatua iliyochelewa lakini sahihi. Google nayo, kuanzia mwisho wa Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo kwenye duka lake kugusa orodha ya majina na picha za mtumiaji. Kwa hiyo programu ya mkopo inayokufikia kwa linki ya WhatsApp badala ya dukani, tayari imekwambia kitu kuhusu yenyewe.

Funzo la kisera ni hili: ridhaa ya mtu mwenye shida si kinga. Tunapenda kisanduku cha "nakubali" kwa sababu kinamwondolea kila mtu lawama isipokuwa aliyekibonyeza. Mambo mengine yanapaswa kukatazwa tu, kama tunavyokataza kuuza nyama iliyooza hata kama mnunuzi amekubali harufu.

Halafu kuna usimbaji, neno linalowatisha watu bila sababu. Umepanda daladala ya Gongo la Mboto kwenda Posta, umebanwa kiti cha nyuma, konda yuko mlangoni. Nauli inapitishwa mkono kwa mkono, na kila anayeipitisha anaona umetoa noti ya ngapi. Ujumbe usiosimbwa husafiri hivyo kwenye mtandao, ukipita kwa watu na mitambo usiyoijua. Kusimba ni kuifungia noti ile ndani ya kijaluba ambacho ufunguo wake unao wewe na konda tu. WhatsApp ilimaliza kuwawekea watumiaji wake wote kinga ya aina hiyo Aprili 2016, na benki yako inafanya kitu cha jamii hiyohiyo unapofungua tovuti yake.

Vyombo vya usalama vya nchi nyingi hutamani ufunguo wa akiba, wautumie kwa wahalifu peke yao. Hoja yao si ya kipuuzi; watekaji na wauza watoto nao wanatumia kijaluba hichohicho. Shida ni ya kifundi zaidi kuliko ya kisiasa. Ukimwachia mjumbe wa mtaa ufunguo wa akiba wa kila nyumba, mwizi hatahangaika na kitasa chako. Atamtafuta mjumbe.

Kalufuli kale kadogo pembeni ya anwani ya tovuti, kwa njia, kalimaanisha hilo tu: kwamba kijaluba kimefungwa. Hakakusema lolote kuhusu konda. Tovuti ya kitapeli nayo inapata kufuli, bure kabisa. Watu walikasoma vibaya kwa miaka mingi hadi Google ikakaondoa kwenye Chrome mwaka 2023.

Watoto nitawapita haraka, si kwa kuwa hawana uzito, bali kwa kuwa dawa nyingi zinazopendekezwa zinaturudisha kwenye kaunta buku. Australia ilipitisha sheria Novemba 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii. Nia ni njema, ila ili kumtambua mwenye miaka 15 lazima umpime kila mtu umri, na kumpima mtu umri ni kumchukulia taarifa nyingine.

Lipo na suala la mtandao wenyewe kuwepo. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Dar nzima ikabaki inatazama duara linalozunguka kwenye kioo. Wengi ndiyo siku waliyojua kwamba intaneti yetu inapita chini ya bahari. Hitilafu kama hiyo ina jibu linaloeleweka: njia nyingi zaidi, nyingine zipite nchi kavu, na huduma nyingi zaidi zikae kwenye seva za hapa nyumbani.

Kuzima kwa amri ni habari tofauti. Mei 2025 mtandao wa X, ule uliokuwa ukiitwa Twitter, ulifungwa nchini. Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchi nzima, na ikachukua siku kadhaa kurudi. Yapo mengi ya kusemwa kuhusu siku zile na makala hii haiwezi kuyabeba yote. Nitabaki kwenye usalama. X ilipofungwa, kila kijana ninayemfahamu alishusha VPN ya bure, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye mtambo wa mtu mwingine ili kukwepa kizuizi, ingawa tangu Oktoba 2023 TCRA ilikuwa imetaka watumiaji wa VPN wajitambulishe. VPN ya bure ina mwenyewe, hujui ni nani wala yuko nchi gani, na kila unachofungua kinapita kwake. Yaani hatua iliyotetewa kwa jina la kuwalinda watu iliwahamisha, kwa maelfu, kutoka kwenye mitambo inayosimamiwa na sheria zetu kwenda kwenye kijaluba cha mtu asiyejulikana. Na mtandao ukizimika wote, huna hata pa kuulizia kama uliyoambiwa mtaani ni kweli. Uvumi hauhitaji bando.

Nilimpeleka shangazi kwenye duka la kampuni yake ya simu, mjini. Dada wa kaunta alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," akamwomba kitambulisho, kisha akamsogezea kile kimashine cha alama za vidole ili athibitishe kuwa yeye ndiye yeye. Shangazi alikiangalia kwanza, kwa muda. Akaweka dole. Kilisoma mara ya kwanza.

"Zinafungwa zote mbili, mama."

"Nani alikuwa anazitumia?"

"Hapa kwangu mfumo hauonyeshi."

"Na zimefanya nini, kwa jina langu?"

"Hilo labda polisi, mama."

Akaomba karatasi ya kuonyesha kwamba amezikana. Karatasi hakuna, utakuja ujumbe. Ulikuja kweli, tukiwa kwenye daladala, tumefika Mtoni kwa Aziz Ali: laini imefungwa. Laini, moja. Tuliposhuka Rangi Tatu alinipa simu hata kabla ya kuvuka barabara, nikabonyeza tena *106#, akanisomea tena tarakimu zake, safari hii bila kadi. Zilikuwa mbili.